Ufunguo wa Dakika Tatu

"Mmoja tu, fundi. Nina haraka kidogo."

Mteja alikuwa mtanashati wa kupitiliza. Shati jeupe, viatu vinang'aa, sauti ya chini ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Aliweka ufunguo juu ya meza yangu ya kazi, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu, nimeiweka spika kwa sababu mikono yangu haikosi shughuli.

"Nakwambia vaa la bluu," dada alikuwa anasema. "Lile la kijivu linakufanya uonekane mlinzi wa lindo la asubuhi."

"La bluu kola imechakaa."

"Nani atakukagua kola? Miezi minane mwanamke hajamkaribisha mtu hata kibarazani, leo kakwambia njoo saa kumi unywe chai ndani, halafu wewe unaniletea habari za kola!"

Nikacheka peke yangu. Nikachomoa msumarini ufunguo ambao haujachongwa, nikaubana kwenye mashine sambamba na ule wa mteja, nikawasha.

"Na usimalize kikombe kimya kimya," dada akaendelea, akipaza sauti ili mashine isimshinde. "Muulize habari za kazi. Huyo Mgeni wako si kitasa, ni mtu."

"Nimekusikia, dada."

Yule bwana alikuwa anatabasamu. "Hongera, fundi. Naona leo ni siku yako."

"Tunamwomba Mungu."

"Vaa la bluu," akanikonyeza. "Msikilize dada."

Tukacheka wote watatu. Nikapiga msasa meno ya ufunguo mpya, nikayapuliza, nikamkabidhi zote mbili. Dakika tatu hazikuzidi. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake, nami nikabaki natabasamu kama zuzu.

Kabla sijaendelea, mnifahamu. Katika mji huu mdogo naitwa Kufuli, kwa sababu ya kazi yangu na kwa sababu ya mdomo wangu. Mke wangu aliondoka miaka sita iliyopita, akasema kuishi na mimi ni sawa na kuishi na kabati. Sikumbishia, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Tangu hapo nalala, naamka, nachonga funguo, napika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wanne.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba, na sharti lake lilikuwa moja tu: usichonge ufunguo kabla hujauliza ni wa mlango wa nani. Nimemuuliza mwalimu mkuu. Nimemuuliza daktari akiwa na haraka ya wagonjwa. Mtaani wananitania kwamba Kufuli angemuuliza hata mama yake mzazi. Miaka ishirini sijawahi kuacha kuuliza.

Siku ile sikuuliza.

*

Mgeni alikuja mjini na sanduku moja. Alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi wa barabara ya juu, akapanga chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio, na huhitaji kuuliza kwa nini. Watu walipoona hataki mazungumzo, wakamwita Mgeni, na jina likaganda.

Wiki ya kwanza tu alinijia dukani.

"Wewe ndiye fundi vitasa?"

"Ndiye."

"Nataka kitasa ambacho mtu hawezi kunifungia ndani."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Unamaanisha mtu asiweze kuingia."

"Hilo nalo. Lakini la kwanza ni hilo nililosema. Mtu akifunga mlango kwa ufunguo mimi nikiwa ndani, nataka niweze kutoka."

Sikuwahi kuombwa kitu kama hicho. Wateja wangu wote humwogopa mtu aliye nje. Nikaagiza kitasa cha aina wanayoweka mahotelini: hata ukifunga kwa ufunguo mara mbili, aliye ndani akisukuma mkono wa kitasa chini, mlango unafunguka. Mji mzima hakuna nyumba nyingine yenye kitasa hicho.

Nilikifunga nikiwa nimesimama kizingitini, maana ndani sikuruhusiwa. Nilipomaliza akaniambia, "Toka nje unifungie."

Nikafunga. Mkono wa kitasa ukashuka, mlango ukafunguka, akatokea.

"Funga tena."

Nikafunga tena. Akatoka tena. Tulifanya hivyo mara kumi na moja, sitanii. Mara ya kumi na moja alitoka akiwa analia, akaniambia, "Asante, fundi," akaufunga mlango. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka, na tangu siku ile nikawa sina hamu tena ya kula peke yangu.

Nilichonga funguo tatu. Mmoja akabaki nao, wa pili akauficha anakojua yeye, wa tatu akampa Mama Redio kwa kuwa ni sharti la upangaji.

Baada ya hapo nikaanza kupeleka mashati kwa dobi. Mashati masafi, yaliyonyooka. Nayapeleka Jumatatu, nayachukua Jumatano, nayarudisha Alhamisi. Mwezi wa tatu akaniuliza, "Kufuli, hivi wewe una mashati mangapi?"

"Manne."

"Haya mawili yamepigwa pasi mpaka yameanza kung'aa."

"Nayapenda yaking'aa."

Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Mwezi wa sita, huku akinyunyizia maji suruali ya mtu, akaniambia bila kunitazama:

"Aliyekuwa mume wangu alikuwa ananifungia. Asubuhi akienda kazini anazungusha ufunguo, anautia mfukoni. Anasema ni kwa usalama wangu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, Kufuli. Niliachishwa kazi kwa utoro."

"Na sasa?"

"Tumeachana mahakamani, karatasi ninayo. Yeye kichwani mwake hatujaachana."

"Anajua uko hapa?"

"Anayejua ni mama yangu tu."

Nilitaka kusema mengi, lakini mimi ni kabati, si nimeshawaambia?

*

Saa nane na nusu niliamua kufunga duka mapema nikaoge. Nikafagia vumbi la chuma, nikafuta mashine, nikaanza kupanga funguo ambazo hazijachongwa, kila aina na msumari wake. Tangu yule bwana aondoke vidole vyangu vilikuwa havijatulia. Kulikuwa na kitu vilikuwa vinajaribu kuniambia, mimi kichwa kiko kwenye kola.

Nikafika msumari wa mwisho kulia. Nilijua zimebaki nne, maana nilinunua saba kwa ajili ya mlango mmoja tu, na nikachonga tatu. Nikahesabu.

Zilikuwa tatu.

Nikakumbuka meno niliyoyapiga msasa: matano, la tatu limezama kuliko mengine. Nilikuwa nimeyachonga kwa mkono wangu miezi minane iliyopita, na leo nimeyachonga tena, nikicheka.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikaandika:

"Usiende nyumbani."

"Nipigie sasa hivi."

"Kuna mtu ana ufunguo wako."

Nikaacha duka wazi. Kwa umri wangu na kitambi changu nilikimbia barabara nzima na watu wananiangalia. Kwa dobi nilimkuta mwenye duka anakunja mashuka.

"Mgeni yuko wapi?"

"Ameomba ruhusa, katoka sasa hivi. Anasema ana mgeni wake saa kumi, anataka kusafisha nyumba. Mbona unahema hivyo?"

Mgeni wake nilikuwa mimi.

Nyumba ya Mama Redio ina uchochoro wa pembeni unaokupeleka nyuma. Nilifika nikaona ndara za Mgeni mbele ya mlango, zimepangwa vizuri. Mfuko wa vitafunio ulikuwa umeanguka kizingitini. Nikainua mkono nikagonga.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti yake, lakini imenyooka kama kitu kilichopigwa pasi.

"Mimi, Kufuli."

Nikasikia mtu akinong'ona. Halafu yeye: "Fundi, leo sitaweza. Njoo siku nyingine."

Ilikuwa imepita miezi hajaniita fundi. Mfukoni nina bisibisi moja tu. Ningevunja mlango? Mlango ule niliuimarisha mwenyewe, bawaba nilizibadilisha mwenyewe. Nikabaki nimesimama mbele ya kazi yangu nzuri, siwezi kuingia.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaamua kuongea.

"Hakuna shida, dada," nikasema kwa sauti ya kawaida, ya kikazi. "Nilipita tu kukagua kile kitasa. Wateja huwa wanasahau kinavyotumika. Kinafanya kazi?"

Nikagonga kitasa kwa bisibisi.

"Nauliza, dada. Kinafanya kazi kama nilivyokuonyesha?"

Sauti ya kiume ikajibu, ya chini, yenye adabu ileile. "Kinafanya kazi vizuri sana, fundi. Nimekifunga mimi mwenyewe na ufunguo ninao mfukoni. Nenda tu."

"Nilikuwa namuuliza mwenye mlango, bwana," nikasema. "Dada, tulijaribu mara ngapi siku ile?"

Nilisikia redio ya jirani ikitangaza mpira.

"Mara kumi na moja," akasema.

"Basi hii ni ya kumi na mbili."

Mkono wa kitasa ukashuka. Mlango ukafunguka, Mgeni akatoka nje pekupeku, akanipita, akaenda kusimama katikati ya uwanja kwenye jua. Nyuma yake yule bwana alibaki ameduwaa, mkono wake umeshika mfuko wa suruali, anapapasa ufunguo ambao bado ulikuwa mle mle.

"Niliposikia ufunguo unazunguka, mwili wote ulikufa ganzi," Mgeni aliniambia baadaye. "Nilisahau kwamba mlango ni wangu."

Kelele zikamtoa Mama Redio jikoni, mwiko mkononi. "Kuna nini? Jamani, si mume wake huyo? Si aliniambia anataka kumshtukiza?"

"Ulimpa ufunguo, mama?" nikamuuliza.

"Alinishika miguu, mwanangu! Akasema ametoka mbali, wamekosana kidogo, mama yake Mgeni mwenyewe ndiye aliyemwelekeza. Nikampa aangalie tu kama unaingia kwenye mlango, akaurudisha baada ya nusu saa. Mimi nikajua mambo ya mke na mume."

"Mimi si mke wake," Mgeni akasema. "Si mke wake kwa karatasi wala kwa lolote."

Yule bwana akawa amejikusanya. Akafunga kifungo cha shati, akatabasamu, akateremka kizingiti taratibu kama mtu anayetoka ibadani. Majirani walikuwa wameanza kujaa. Akaona hana namna. Lakini hakutaka kuondoka mikono mitupu.

"Sawa, naenda," akamwambia Mgeni. "Ila usije ukadhani umepata mtu wa kukulinda. Muulize huyo wa shati la bluu nani kanichongea ufunguo. Dakika tatu tu. Hakuniuliza hata jina. Tulicheka pamoja."

Akapita katikati ya watu, akaenda zake.

Mgeni akanigeukia. Ningeweza kudanganya. Neno moja tu, na ningenywa chai yangu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wewe unayemuuliza kila mtu."

"Ndiyo."

"Hukuuliza ni mlango wa nani?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nafikiria nivae shati gani."

Akaokota mfuko wake pale kizingitini, akavaa ndara, akaondoka na Mama Redio kwenda polisi. Niliwafuata hatua tatu nne. Akainua mkono bila kugeuka, nikasimama.

*

Msiniulize siku zile nilizipitishaje. Nilikuwa nafungua duka, nakaa. Naandika ujumbe, naufuta. Huu niliutuma:

"Samahani. Sina maneno mengine."

Haukujibiwa. Alikuwa amehamia chumba cha nyuma kwa dobi, halali kwake. Mtaani neno likaenea kwamba anafunga mizigo. Nilipokuwa napita barabara ya juu nilikuwa naona mvuke wa pasi ukitoka dirishani, basi natulia, kwamba leo bado yupo.

Baada ya wiki mbili simu ikalia. Ujumbe wake:

"Kesi ni Ijumaa. Yeye anasema nilimkaribisha mwenyewe. Mama Redio kampa ufunguo kwa hiari, kwa hiyo hapo hakuna kosa. Hakimu anataka shahidi aliyechonga ufunguo, ijulikane kwamba ulichongwa kwa siri. Sikuombi. Nakuarifu tu."

Nikajibu: "Nitakuja."

Dada yangu alipiga simu jioni ile ile. Nikamweleza.

"Mdogo wangu, unajua unachoenda kufanya? Mahakama ya mji huo ni ndogo, watu wanajazana mpaka madirishani. Ukisimama ukasema ulimchongea mtu ufunguo bila kuuliza, nani atakuletea mlango wake tena?"

"Najua."

"Mama Redio atoe ushahidi wake, inatosha."

"Haitoshi. Bila mimi yule bwana anaonekana mtu aliyekaribishwa."

"Na huyo mwanamke? Amekusamehe?"

"Hapana."

"Sasa unamfanyia nini haya yote?"

"Kwa sababu ni kweli, dada. Na kwa sababu nampenda. Sijawahi kumwambia, naona nianze kukuambia wewe."

Dada akavuta pumzi. "Basi vaa la kijivu," akasema. "Mahakamani linafaa."

Ijumaa walijaa kweli. Mwalimu mkuu alikuwepo, daktari alikuwepo, nusu ya milango ninayoijua ilikuwepo. Yule bwana alikaa mstari wa mbele, kimya, mikono magotini. Mgeni alikaa upande wa pili, hakunitazama.

"Kazi yako?" hakimu akauliza.

"Fundi vitasa na funguo. Mwaka wa ishirini."

"Huyu bwana unamfahamu?"

"Alikuja kwangu saa sita mchana. Aliniletea ufunguo wa mlango wa huyu dada. Nilimchongea mwingine."

"Alikwambia ni wa mlango wa nani?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Nilisikia benchi zikilia, watu wanajisogeza wasikie vizuri.

"Sikumuuliza, mheshimiwa. Ni kosa langu. Mtu aliyekaribishwa anafunguliwa mlango. Huyu alichongesha ufunguo wake mwenyewe, akarudisha ule mwingine kwa mama mwenye nyumba ili asijulikane. Na aliniambia ana haraka."

Mama Redio akasimama baada yangu, akaeleza alivyoshikwa miguu, na kwamba kuhusu kuchonga ufunguo hakuambiwa hata neno moja. Yule bwana alijaribu kusema ni mapenzi, ni wivu wa kawaida, mume na mke wanagombana. Mgeni akainuka na karatasi yake ya talaka, akaiweka mezani kwa hakimu, na kwa sauti ya mwalimu wa hesabu akasema, "Nilifungiwa miaka minne. Siku ile ilikuwa iwe ya kwanza ya mwaka wa tano."

Hakimu akaandika amri: asimkaribie, asimpigie, asimtumie mtu. Akithubutu, ni jela. Mgeni akatoka kwa mlango wa pembeni. Mimi nikatoka kwa mlango wa mbele, na watu wakanipisha kama mtu mwenye ukurutu.

*

Dada yangu si mganga, lakini alitabiri sawasawa.

Jumatatu alikuja mwalimu mkuu. "Kufuli, zile funguo za stoo nilizokuachia. Naomba tu nizichukue."

"Bado sijazichonga, mwalimu."

"Si kitu. Si kwamba sikuamini. Ni mke wangu tu."

"Najua, mwalimu."

Jumanne akaja daktari, naye ni mke wake tu. Jumatano hakuja mtu. Wiki ikapita, nyingine ikapita, mashine haijawashwa. Nilikuwa napaka mafuta mashine isiyochoka. Mchana nilikuwa nasikiliza hatua za watu barabarani: zikikaribia duka langu zinaongezeka kasi. Kuna upweke wa nyumbani, huo nilishauzoea, tunaishi wote. Huu wa kuwa peke yako katikati ya watu wanaojua jina lako sikuuzoea hata siku moja.

Dada akapiga. "Unajuta?"

"Kuchonga, ndiyo. Kusema, hapana."

"Njoo ukae kwangu. Huku kuna milango tele."

Nikasema nitafikiria. Nilifikiria kweli. Nilianza kufunga vifaa kwenye boksi, vile vidogo kwanza.

Jumanne ya wiki ya tatu, asubuhi, nikasikia hatua ambazo hazikuongezeka kasi. Nikainua kichwa. Mgeni alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Akakiweka mbele ya duka langu, barabarani kabisa, mahali ambapo kila anayepita lazima akione. Akakaa.

Nilisahau hata salamu. "Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Mgeni, hapo watu wanapita. Watakuona wote."

"Kama nisingetaka kuonekana ningekaa ndani."

Nikatoka nikasimama mlangoni. Sikujua mikono niiweke wapi. Yeye alikuwa anaangalia barabara.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Zitakaa muda."

"Zikae."

"Jana Mama Redio kaniambia huna mteja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wanasema wewe ndiye uliyemuuza Mgeni. Nikamwambia, mbona Mgeni mwenyewe hajasema hivyo? Akanijibu, basi nenda ukawaambie." Akaweka kiti sawa. "Kuwaambia watu kitu siwezi, Kufuli. Nimejificha muda mrefu mno, sauti haitoki. Nikaona nije nikae."

Maneno niliyokuwa nayafuta kwenye simu wiki tano yote yakaja kwa mpigo, nikabaki na mawili.

"Nakupenda, Mgeni."

"Najua. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Na hilo boksi la nini?"

"Nilikuwa napanga vifaa."

"Vipange kwenye meza."

Muuza mkaa akapita na mkokoteni, akapunguza mwendo, akatumbua macho. "Mgeni! Vipi, leo uko kwa Kufuli?"

Vidole vya Mgeni vikashika kiti pande zote mbili. Halafu akapaza sauti, mpaka ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Niko kwa Kufuli! Habari za asubuhi!"

"Nzuri, nzuri!" muuza mkaa akajibu, akaenda akigeukageuka nyuma.

Nikavuta kigoda nikae karibu naye. Akatikisa kichwa.

"Rudi ndani. Mteja akija atamkuta nani?"

"Hakuna mteja."

"Atakuja. Nimeomba ruhusa siku nzima."

Nikarudi ndani, nikamwaga boksi juu ya meza, nikaanza kupanga vitu vyangu upya. Kila nikiinua macho namwona pale pale, anawasalimia wapita njia mmoja mmoja, sauti inazidi kutoka. Mlango wangu ulikuwa wazi nyuma yake na mimi nilikuwa humo ndani. Alikaa vile mpaka jua likaingia upande wa pili wa barabara, amenipa mgongo, na hakugeuka kuangalia nyuma hata mara moja.